Shule Isiyo na Kibao

Pale Boga, upande wa Kongo, juu ya ukingo unaotazama bonde la Mto Semliki, kuna kaburi la kasisi aliyezikwa kinyume na desturi. Apolo Kivebulaya, aliyefariki tarehe 30 Mei 1933, aliacha wosia kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, uliko msitu wa Ituri. Kwao Buganda ni mashariki. Hakutaka kulala akielekea nyumbani. Alitaka kaburi lenyewe liwakumbushe waliobaki kwamba kazi iko kule mbele, chini ya ile miti.

Ukimtazama Apolo wa miaka yake ya mwisho, unaweza kudhani mtu huyu alitoka tumboni mwa mama yake akiwa kiongozi. Alikuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe tangu mwaka 1922, na watu wa pande mbili za mpaka walimheshimu kama baba. Lakini rudi nyuma miaka arobaini hivi umtafute kijana yule yule. Utakutana na askari mvuta bangi, aliyewahi kubeba silaha upande mmoja wa vita vya dini kisha akahamia upande wa pili. Mpeleke kijana huyo mbele ya kamati yoyote ya uchaguzi ya kanisa ninalolijua, ya jana au ya leo, uone kama jina lake litapita hata mchujo wa kwanza.

Nimemleta Apolo kwa sababu ya msemo mmoja unaopendwa sana mimbarani siku hizi: Mungu haiti wenye sifa, huwapa sifa anaowaita. Nauamini msemo huo. Kinachonisumbua ni kwamba tunaupokea nusu. Nusu ya kwanza tunaishangilia kwa sababu inatuondolea hofu: hata mimi nisiye na kitu naweza kuitwa. Nusu ya pili tunaipita mbio, kana kwamba kupewa sifa ni jambo la usiku mmoja, mtu analala msikilizaji na kuamka nabii. Maandiko hayasemi hivyo, na maisha ya watu ambao Mungu aliwatumia kweli hayasemi hivyo. Mungu humwita mtu asiyetarajiwa, naam. Lakini hamtumi mtu asiyeandaliwa. Ila shule anayomwandalia huwa haina kibao barabarani, na mara nyingi mwanafunzi mwenyewe hajui kwamba yuko darasani.

Tuanze na mtu ambaye Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanamhesabu kuwa wao. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao. Stefano, katika hotuba yake kwenye Matendo ya Mitume, anakumbusha kwamba alisomeshwa elimu yote ya Wamisri. Kama ikulu na elimu vingetosha, basi akiwa na miaka 40 Musa alikuwa tayari. Na yeye mwenyewe alidhani yuko tayari. Alimwona Mmisri akimpiga Mwebrania, akatazama huku na huku, akamuua yule Mmisri, akamficha mchangani. Kesho yake alipojaribu kuwapatanisha Waebrania wawili waliokuwa wakigombana, akaulizwa kwa kejeli ni nani aliyempa cheo cha kuwaamua watu. Huo ndio uliokuwa uongozi wake wa kwanza: maiti moja, siri iliyodumu siku moja, na safari ya kukimbia.

Alikokimbilia ni Midiani. Huko akaoa, akakaa ukweni. Msomaji wa kwetu anajua uzito wa neno hilo. Kwa mila za wengi wetu, mwanamume anayekaa ukweni hana sauti barazani. Tena Kitabu cha Kutoka kinaeleza wazi kwamba kondoo aliokuwa akiwachunga siku alipoona kile kijiti kinachowaka hawakuwa wake, walikuwa wa Yethro, baba mkwe wake. Miaka 40 imepita, umri umefika 80, na mtoto wa ikulu bado anaswaga mifugo ya mzee mwingine. Jirani yeyote angesema maisha ya huyu yameishia hapo.

Lakini waulize Wamaasai, Wabarabaig au Wasukuma kazi ya kuchunga humfundisha mtu nini. Watakwambia kundi haliendi kwa mwendo wa dume lenye nguvu. Huenda kwa mwendo wa kondoo mwenye mimba na mwana-kondoo aliyezaliwa jana. Watakwambia mchungaji huwaza maji kabla ya jua kupanda, kwa sababu kiu ikishawapata mifugo, hakuna fimbo itakayowasukuma. Watakwambia jioni unahesabu, na idadi isipotimia hulali. Na zaidi ya yote, watakwambia kondoo hashukuru. Unamtoa kwenye miiba leo, kesho anarudi kwenye miiba ile ile.

Sasa usome safari ya wana wa Israeli jangwani ukiwa na hayo akilini. Watu walionung'unikia maji, wakanung'unikia chakula, wakatamani kurudi utumwani kwa sababu ya matango na samaki wa Misri. Mtoto wa ikulu mwenye hasira za miaka 40 angewaua wangapi na kuwafukia mchangani? Aliyewafikisha mbali vile ni mtu aliyekuwa ameshalia na kondoo kwa miaka mingi. Na mlima ambako alikuja kuwasimamisha mbele ya Mungu ni Horebu, mlima ule ule alikokuwa amewapeleka kondoo wa Yethro. Alidhani anatafuta malisho, kumbe anajifunza njia.

Waislamu nao wanaijua shule hii. Katika sura ya Al-Qasas tunaelezwa jinsi Nabii Musa alivyoafikiana na mzee wa Madiani kumtumikia miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa hisani yake. Na iko hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kwamba hakuna nabii aliyeletwa ila alichunga kondoo. Maswahaba walipouliza kama na yeye alichunga, akajibu kwamba aliwachungia watu wa Makka kwa ujira mdogo. Lugha yetu nayo imehifadhi jambo hilo bila kelele: anayeongoza usharika tunamwita mchungaji, neno lile lile la mtu mwenye fimbo na vumbi miguuni.

Jambo la pili tunaloliruka ni jinsi Mungu alivyomwezesha Musa alipokataa kwenda. Musa alitoa udhuru baada ya udhuru, na mmojawapo ulikuwa kwamba ulimi wake ni mzito. Tungetarajia muujiza hapo. Mungu aliyeumba kinywa angeshindwa kukilegeza? Katika Kutoka hatuelezwi kwamba ulimi ule uliponywa. Tunaelezwa kwamba alipewa Haruni, ndugu yake, awe msemaji. Katika sura ya Taha, Musa anaomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi lifunguliwe, kisha katika dua hiyo hiyo anaomba apewe Haruni wa kumsaidia. Watoto wetu wa madrasa huisoma dua hiyo wanapoanza masomo, na wengi wanaikumbuka hadi ukubwani. Natamani tungekumbuka pia mwisho wake. Kuwezeshwa na Mungu ni pamoja na kupewa mwenzako mwenye kile usichonacho, na kukubali kwamba unamhitaji.

Mkononi, Musa hakupewa silaha mpya. Aliulizwa ameshika nini, na alichoshika kilikuwa fimbo ya kuchungia. Fimbo iliyopiga migongo ya kondoo wa watu ndiyo aliyokwenda nayo mbele ya Farao.

Na baadaye, jangwani, alipokuwa akikaa kutwa nzima kuamua mashauri ya watu huku foleni haiishi, ni nani aliyekuja kumwonya? Yethro, yule yule baba mkwe. Akamwambia kazi hii itamchosha yeye na watu wake, achague watu waaminifu wasiopenda rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Musa, ambaye Mungu alisema naye kuliko nabii mwingine yeyote wa wakati wake, hakujibu kwamba yeye hupokea maagizo kutoka juu tu. Alimsikiliza mzee, akafanya kama alivyoshauriwa. Miaka ya ukweni ilikuwa imemzoeza kuambiwa.

Turudi sasa kwa Apolo, maana Musa ni wa mbali na mtu anaweza kusema hayo ni ya zama za manabii.

Alizaliwa Buganda kama mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa kulwa wa kiume. Alikulia kipindi ambacho nchi ilikuwa ikitikiswa na dini mpya. Uislamu ulikuwa umetangulia kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara. Wamisionari wa Kianglikana na wa Kikatoliki wakafuata katika miaka ya 1870. Kijana Waswa alimsikia Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, akifundisha. Yakamgusa, lakini hayakumbadilisha siku hiyo. Vita vya dini vilipolipuka mwaka 1888, alijikuta katika jeshi la Waislamu. Akatoroka, akajiunga na Wakristo. Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda magharibi hadi Toro. Bangi alivuta. Bunduki alibeba. Kama mtu angemwuliza siku zile anaelekea wapi, nadhani angejibu kwamba anafuata jeshi.

Hiyo ndiyo shule yake isiyo na kibao. Katika miaka ile alijifunza kutembea masafa marefu kwa chakula kidogo. Alijifunza njia ya kwenda Toro na akaiona milima ya Ruwenzori kwa macho yake. Alijifunza kukaa na watu wasiosema lugha yake. Na naamini alijifunza jambo moja ambalo halifundishwi chuoni: aliona kwa ndani dini inavyokuwa inaposhika mkuki. Mtu aliyepigana pande zote mbili hawezi kudanganyika kwamba ushindi wa upande wake ndio ushindi wa Mungu.

Alijifunza kusoma, na katika Buganda ya wakati ule kusoma na kumfuata Kristo vilikuwa jambo moja, Wakristo wenyewe wakiitwa wasomaji. Alibatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya watu walimpachika kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kuvaa pamoja na kanzu yake, kitu kilichotoka Bulaya. Msikilizaji wa Kiswahili atalisikia humo neno letu la Ulaya. Hata jina alilokuja kuheshimiwa nalo lilibeba alama ya uaskari wake. Mungu hakulifuta, alilipa kazi nyingine.

Mwaka huo huo wa ubatizo alijitolea kwenda Toro kuwa mwalimu. Mwaka uliofuata, 1896, akavuka hadi Boga kwa Wahema, wafugaji waliotawaliwa na chifu Tabaro. Walimu waliomtangulia huko walikuwa wamenyimwa chakula hadi wakaondoka. Apolo alikwenda na jembe. Kama watu hawatamlisha, atalima. Mimi nikilifikiria jembe lile naikumbuka fimbo ya Musa. Mtu aliyezoea kubeba bunduki alielewa kwamba safari hii atahitaji chombo kingine, na akaona kwamba anayekula jasho lake hawezi kufukuzwa kwa njaa.

Chifu alimchukia. Apolo alifundisha mambo yaliyogusa pombe, ndoa na nguvu za watawala, na Tabaro hakutaka kusikia. Mwalimu akapigwa, akaachwa porini kama mfu. Alipopona akaendelea kufundisha. Kisha likaja pigo zito zaidi. Dada yake Tabaro alichomwa na mkuki uliokuwa kwenye nyasi, akafariki. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akapelekwa Toro amefungwa minyororo, akatiwa gerezani. Katika kipindi hicho cha mateso, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye.

Msomaji anaweza kuyapokea maono hayo anavyoweza. Mimi nayapokea kama alivyoyasema. Lakini hata asiyeyapokea hawezi kukana kilichofuata. Alipoachiliwa, hakurudi Buganda kwa mama zake na ndugu zake. Alirudi Boga, mikononi mwa watu waliompiga na kumshtaki. Na Tabaro, chifu yule yule, alikuja kuomba mafundisho, akabatizwa kwa jina la Paulo. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo: Paulo naye aliwatesa waumini kabla hajawa mmoja wao.

Hapa ningependa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo hadithi za namna hii huharibiwa na wahubiri wenye haraka. Ushindi wa Boga haukumfanya Apolo askofu keshoye. Alipata ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, miaka minane baada ya ubatizo wake, akiwa tayari amepigwa, amefungwa na amelima. Kanisa lilimpima, likamfundisha, likamwekea mikono hatua kwa hatua. Askofu Alfred Tucker aliyeliongoza kanisa hilo alikuwa mtu aliyepigania katiba ya kuwaweka Waafrika na Wazungu katika kanisa moja, na wamisionari wenzake wengi wakampinga. Bila mlango ambao watu kama Tucker waliushikilia ubaki wazi, Apolo angeweza kufa akiwa msaidizi wa mtu. Mungu huita, lakini taasisi za watu zinaweza kumsaidia aliyeitwa au kumzuia mlangoni. Dhambi ya kuzuia ni dhambi kweli.

Alitumika Toro kwa miaka mingi. Waingereza na Wabelgiji walipoupanga upya mpaka wao, Boga ikaangukia upande wa Kongo, na watu aliowalea wakawa chini ya serikali nyingine. Apolo akaomba kurudi, na kufikia mwaka 1916 alikuwa huko tena. Ndipo, akikaribia umri wa miaka 60 ambapo wenzake walikuwa wakifikiria kivuli cha mgomba na wajukuu, akaanza kuingia msituni mwa Ituri kwa Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao majirani zao waliwadharau kupita kiasi. Hakuwaita watoke waje kanisani. Aliwafuata, akakaa nao, akajifunza usemi wao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Mtu aliyewahi kudharauliwa na kupigwa nje ya kijiji alijua njia ya kuwafikia waliotengwa.

Dayosisi ya Boga iliundwa mwaka 1972, na mwaka 1992 kanisa la Kongo likawa jimbo kamili la Kianglikana. Leo katika parokia zake nyingi za mashariki mwa Kongo watu huomba kwa Kiswahili, lugha yetu hii. Yote hayo yana mzizi kwa mtu aliyefika na jembe.

Sasa tujitazame. Tunachaguaje viongozi, makanisani, misikitini, katika vyama vya ushirika, vikundi vya kuweka na kukopa, hata katika siasa? Tunamtafuta anayeongea vizuri, mwenye gari la kubeba wajumbe, aliyechangia zaidi kwenye harambee. Hayo si maovu, lakini ni sifa za Musa wa miaka 40. Yana elimu na nguvu, na yanaweza kumwua mtu na kumficha mchangani kwa nia njema kabisa.

Kila jumuiya ndogo ndogo ina mama mmoja ambaye hajawahi kugombea cheo. Yeye ndiye anayejua kwamba nyumba fulani haijapika tangu juzi. Ndiye mwenye daftari la michango ya misiba, na hesabu zake hazijawahi kupishana hata shilingi. Akikosekana wiki moja, mambo yanasimama na hakuna anayejua kwa nini. Siku ya uchaguzi anakaa nyuma, na jina lake halitajwi kwa sababu hakusoma sana au kwa sababu sauti yake ni ndogo. Nasema kwa uhakika: tunampita Musa akiwa bado na kondoo wa Yethro. Kazi yetu ilikuwa kuuliza ameshika nini mkononi, na kumtafutia Haruni kama kweli shida ni sauti.

Neno langu la pili ni kwa wale wanaosubiri. Wako vijana wengi wenye shahada wanaouza vocha, wanaoendesha bodaboda, wanaolea watoto wa ndugu zao, wanaojiona kwamba maisha yamewasahau. Sitawaambia kwamba kila atakayesubiri atakuwa Musa. Hakuna aliyeahidiwa hivyo. Nawaambia kwamba hakuna kazi iliyofanywa kwa uaminifu isiyomfunza mtu kitu ambacho watu watakihitaji baadaye. Bodaboda anayerudisha simu ya abiria iliyosahaulika anajifunza uongozi zaidi ya anayesoma kitabu cha uongozi huku akiwapiga chenga wateja wake.

Lakini lazima niseme na upande mwingine, kwa sababu fundisho hili likishikwa vibaya linaumiza. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba Mungu anamwandaa. Mfanyakazi anayenyimwa mshahara asiambiwe avumilie kwa kuwa yuko Midiani. Waliompiga Apolo walikosa, na kwamba Mungu alitoa jema katika kosa lao hakuligeuzi kosa kuwa neema. Yosefu katika Kitabu cha Mwanzo aliwaambia ndugu zake waziwazi kwamba wao walikusudia mabaya. Mwenye kuandaa ni Mungu, na hajampa yeyote kati yetu kibali cha kuwa kiboko chake. Anayemtesa mwenzake kwa kisingizio cha kumkomaza ana hesabu yake ya kujibu.

Vilevile ushuhuda wa dhambi za zamani usigeuzwe kuwa cheti. Siku hizi mtu akisimulia alivyokuwa jambazi au mlevi, kesho ana kipaza sauti na keshokutwa ana waumini. Apolo hakufanywa kiongozi kwa sababu ya bangi yake. Alifanywa kiongozi kwa sababu ya miaka ya kutii iliyofuata, katika mambo yasiyo na mpiga picha: kulima, kufundisha herufi, kurudi pale alipopigwa. Anayetaka heshima ya Apolo na alime shamba la Apolo. Wahenga hawakukosea waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na viongozi tulionao sasa wana wajibu wao. Musa hakuingia katika nchi aliyoiendea kwa miaka 40. Aliitazama kutoka juu ya mlima Nebo, akafia huko. Kama maandalizi yake yangekuwa kwa ajili yake mwenyewe, huo ungekuwa ukatili. Lakini tangu zamani alikuwa na kijana nyuma yake, Yoshua mwana wa Nuni, ambaye Kutoka kinatueleza kwamba alikuwa akibaki hemani hata Musa alipotoka. Miaka yote ya jangwani ilikuwa shule ya Musa, na wakati huo huo ikawa shule ya Yoshua. Kiongozi aliyeandaliwa na Mungu hutambulika kwa jambo hili: anapoondoka, yupo aliyeandaliwa nyuma yake. Anayewaogopa vijana wake, anayeficha funguo na hesabu, anayetaka asemwe yeye tu, huyo hata kama aliitwa, amesahau jinsi alivyolelewa.

Nafikiri ndiyo maana wosia wa Apolo unanigusa kuliko vyeo vyake. Mtu anapokaribia kufa, kwa kawaida huomba arudishwe kwao, kwenye makaburi ya babu zake, na hakuna wa kumlaumu. Yeye alikuwa ameshaingia msituni kwa miaka kumi na zaidi, anajua alikofika na anajua ambako miguu yake haikufika. Akaomba kichwa chake kielekezwe huko. Waliomzika walikuwa watu wa Boga, wana na wajukuu wa wale waliowanyima chakula walimu waliomtangulia. Walichimba kama alivyotaka, wakamlaza akielekea msituni, kisha kazi ya kwenda huko ikawa yao.